Uzee wa Kweli na Uzee wa Kubuni: Baa ya Kijiji cha Kiingereza

Juni 1668, Samuel Pepys, ofisa katika utawala wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa safarini na mkewe kuelekea mji wa Bath. Walisimama Norton St Philip, kijiji cha Somerset. Pepys akaingia kanisani, akatazama makaburi ya kale, akazisifu kengele. Kisha wakala, wakashiba vizuri kwa shilingi 10, na bei hiyo akaiandika katika shajara yake. Jina la nyumba walimokula hakulitaja. Wenyeji husema ni George Inn, na kubishana nao ni kazi bure, kwa maana nyumba ipo pale pale hadi leo na bado inauza chakula na bia.

Kuta za George hazidanganyi. Ilijengwa na watawa Wakartusi wa monasteri jirani ya Hinton katika karne ya 14. Watawa hao waliishi kwa kimya na mfungo, lakini biashara ya sufu waliijua barabara. Chini ni mawe. Juu ni mbao na lipu, na ghorofa zimejitokeza juu ya njia. Wafanyabiashara waliokuja gulioni walilala humo, na mizigo yao ikahifadhiwa humo humo: bohari yenye vitanda, kwa kweli. Henry VIII alipoivunja monasteri mwaka 1539, nyumba ya wageni ilibaki. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth, aliyetaka kumpokonya kiti baba yake mdogo, Mfalme James II, alipiga kambi kijijini hapo na jeshi lake la wakulima na wafumaji, wakapambana na askari wa mfalme. Mwezi uliofuata walishindwa Sedgemoor, na Duke akakatwa kichwa London.

Lakini mtu akiichukua George kuwa mfano wa baa zote za vijijini, atapotea. Serikali ilipozihesabu nyumba za vileo mwaka 1577, katika majimbo yaliyohesabiwa zilipatikana nyumba za wageni kama 1,600, nyumba za mvinyo zaidi ya 300, na vilabu vya pombe ya kawaida zaidi ya 14,000. George ilikuwa ya kundi la kwanza, la wenye farasi na fedha. Baa nyingi za vijiji zimetokana na kundi la mwisho, nalo lilianzia jikoni mwa mwanamke.

Pombe ya Waingereza wa zama za kati ilitengenezwa kwa kimea bila hopsi (maua machungu yanayoihifadhi bia), na baada ya siku chache ilichacha. Mama alipika kwa ajili ya nyumba yake. Iliyozidi aliwauzia majirani, sawa na mama mpika mbege kule Kilimanjaro. Alitundika mti wenye majani juu ya mlango kuonyesha kwamba pombe iko tayari, na mwonjaji wa kijiji akaja kuhakiki ubora na kipimo. Sheria ya mkate na pombe, iliyotungwa takriban mwaka 1266, ilifunga bei kwa kufuata bei ya nafaka. Kumbukumbu za mabaraza ya wakati huo zimejaa majina ya wanawake waliotozwa faini kwa kukiuka sheria hiyo, na faini zilirudiwa mara kwa mara kiasi kwamba zilikuwa kama ada ya leseni.

Hopsi ndizo zilizowaondoa wanawake hao. Bia yenye hopsi, iliyoletwa kutoka nchi za Uholanzi na jirani zake na kuenea katika karne ya 15, ilidumu muda mrefu. Iliweza kupikwa kwa wingi na kusafirishwa mbali, basi ikataka mapipa, mikokoteni na mtaji. Mtaji ulikuwa mikononi mwa wanaume. Polepole mpishi wa pombe akawa mwenye kiwanda, na mama akabaki kuuza bia iliyopikwa na wengine. Sehemu hii ya historia haitajwi sana kwenye mabango ya watalii.

Mabango ya baa zenyewe nayo ni historia ya siasa. Mwaka 1393, wakati wa Richard II, wauza pombe wa London walitakiwa kuweka alama nje, na wengi wakachagua kulungu mweupe, nembo ya mfalme. Ndiyo maana baa za White Hart, yaani kulungu mweupe, zimetapakaa nchi nzima. Royal Oak ni mwaloni ambamo Charles II alijificha baada ya kushindwa vita vya Worcester mwaka 1651. Utii ulikuwa mzuri kwa biashara, hasa baada ya sheria ya 1552 kuwapa mahakimu wa amani mamlaka ya kutoa au kunyima leseni.

Karne ya 18 ilikuwa ya barabara. Magari ya farasi ya barua yalianza mwaka 1784 kati ya Bristol na London, na nyumba za wageni za njiani zikanona. Reli ilipofika katika miaka ya 1830 na 1840, nyingi zililala njaa. Mwaka 1830 Bunge lilifungua mlango kwa upande mwingine: mlipakodi yeyote aliyelipa gini mbili aliruhusiwa kuuza bia nyumbani kwake. Baa nyingi ambazo mgeni huzidhania za enzi za Shakespeare zilizaliwa hapo, sebuleni kwa fundi viatu au mhunzi.

Hata saa za kunywa zilitungwa na serikali. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waziri Lloyd George alihofia ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na kuanzia 1915 baa zikalazimika kufungwa mchana. Vita viliisha 1918. Katazo la mchana likadumu hadi 1988.

Na chakula? Hapa ndipo pa kucheka kidogo. Sahani ya mkate, jibini, achari na kitunguu, iitwayo chakula cha mchana cha mkulima, inauzwa kana kwamba imeliwa shambani tangu enzi za Wanormani. Ni kweli wakulima walikula mkate na jibini, lakini sahani hiyo kwa jina hilo ilisukumwa na wauza jibini katika miaka ya 1950, baada ya mgao wa vita kuondolewa, kisha na bodi ya maziwa katika miaka ya 1960. Wapishi wenye majina waliingia baadaye: The Eagle ya London, iliyofunguliwa mwaka 1991, ndiyo iliyoonyesha kwamba baa inaweza kupika kama mgahawa mzuri na wateja wakabaki wakinywa. Siku hizi Jumapili mchana katika baa nyingi za vijijini huwezi kupata meza bila kuiwekesha mapema, kwa sababu ya nyama ya kuoka, viazi na mchuzi mzito.

Kwa maoni yangu jiko ndilo lililoziokoa zile zilizobaki. Kati ya 2008 na 2018 Uingereza ilipoteza baa zipatazo 11,000, kutoka kama 50,000 hadi 39,000, nyingi zikiwa ndogo. Lakini zilizosimama ziliajiri watu zaidi, hasa wapishi na wahudumu wa meza. Sheria ya 2011 inawaruhusu wanakijiji kuomba baa yao iorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuiuza, wanapewa muda wa kuchanga fedha. Wanakijiji wa Hesket Newmarket, kaskazini huko Cumbria, hawakuisubiri sheria hiyo. Mwaka 2003 waliunda ushirika na kuinunua baa yao, Old Crown, na bia yake ilipikwa hapo hapo kijijini.