Kirusi Kimoja, Nchi Tatu: Tafakari kwa Watu wa Machimbo



Wapendwa waamini, juma hili tutazame historia ya UKIMWI, tujiulize kwa nini kirusi kile kile kilienea kwa namna tofauti katika nchi tofauti.

Mwaka 1982, huko Kasensero wilayani Rakai, Uganda, wavuvi na wachuuzi walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa walioupa jina la silimu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera, jirani tu na Rakai. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeguswa.

Uganda haikunyamaza. Serikali, makanisa na misikiti walilitaja gonjwa hilo hadharani. Maambukizi, yaliyokaribia asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalishuka hadi karibu asilimia 6 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume: mwaka 1990 walioambukizwa miongoni mwa wajawazito waliopimwa hawakufika asilimia 1, mwaka 2000 walikaribia robo. Huko wachimbaji wengi waliishi mabwenini, mbali na wake zao walioachwa vijijini, Lesotho na Msumbiji.

Na sisi je? Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo walikuwapo Rwamgasa na Nyarugusu kabla yao. Isaka hulaza madereva wa malori ya Rwanda na Burundi. Katika utafiti wa 2011 na 2012, maambukizi kitaifa yalikuwa asilimia 5.1; Shinyanga, 7.4. Dhahabu haina virusi. Kinachowafungulia mlango ni familia iliyotenganishwa na fedha.

Hata hivyo, matumaini yalipatikana papa hapa. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, uliokuwa bado na Geita ndani yake, vituo vya afya viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya UKIMWI yakapungua kwa takriban asilimia 40. Zahanati ya kijiji ilitenda makubwa.

Basi, ndugu, tusichague ukimya. Mume aendaye machimboni, ikiwezekana, aende na mkewe, tupime pamoja, aishiye kwa dawa asinyooshewe kidole jumuiyani. Mtakatifu Paulo ametufundisha kuwa tu viungo vya mwili mmoja. Kiungo kinachofichwa maumivu yake hakiponi.

Mungu awabariki.