K-pop ni ya nani? Tuanzie kwa mama mmoja na chupa za wiski

Wamama wenzangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kulaiki (nawaona!),

Mfululizo wa lishe tumeumaliza. Leo naleta ule wa historia mlioniomba, sehemu zote tano kwa mpigo. Swali lenyewe nalisikia sana kliniki: "Sista, binti yangu kutwa K-pop. Ukutani Wakorea, kwenye simu Wakorea. Na hao wenyewe si wanaiga Wazungu tu? Sasa mwanangu anamuiga mwigaji, atabaki na nini?"

Swali zuri. Ila jibu haliwezi kuanza na wale vijana wa BTS. Linaanza na mama wa watoto saba ambaye mume wake alipotelea vitani. Chukua chai yako tuanze.

SEHEMU YA 1: MAMA WA MOKPO

Lee Nan-young alizaliwa Mokpo, mji wa bandari kusini mwa Korea. Mwaka 1935 aliimba wimbo unaoitwa "Machozi ya Mokpo", akawa maarufu nchi nzima. Wakati huo Korea ilikuwa koloni la Japani (1910 hadi 1945), na watu waliusikia wimbo ule kama kilio cha nchi yao. Lakini shika hili: mtindo wake unaitwa trot, na jina hilo limetoka kwenye foxtrot, densi ya Kimarekani. Ndani yake kuna Kikorea, kuna Kijapani, kuna Kimarekani. Yaani wimbo uliowaliza Wakorea kwa uchungu wa nchi yao ulikuwa mchanganyiko tangu siku ya kwanza.

Vita ya Korea ikaanza mwaka 1950. Mumewe, mtunzi Kim Hae-song, akachukuliwa na watu wa Kaskazini, hakurudi tena. Watoto wanataka kula. Mama akafanyaje? Akawachukua mabinti zake wawili, Sook-ja na Ai-ja, na Min-ja, mtoto wa kaka yake, akawafundisha nyimbo za Kimarekani wakawaimbie wanajeshi wa Marekani. Kiingereza hawakijui hata kidogo! Walikariri sauti tu, silabi kwa silabi. Askari wakawalipa bia na wiski, mama akazipeleka soko la magendo, zikarudi nyumbani zikiwa chakula.

Mwaka 1959 mabinti hao, The Kim Sisters, wakaenda Las Vegas. Onyesho walilopangiwa liliitwa China Doll, yaani mwanasesere wa Kichina. Wakorea, wanauzwa kama Wachina! Hata hivyo walipenya. Walionekana zaidi ya mara 20 kwenye kipindi kikubwa cha televisheni cha Ed Sullivan, na kati ya ala walizopiga ilikuwemo gayageum, ala ya nyuzi ya kwao.

Mama huyu aliutupa utamaduni wake? Mimi naona mama aliyelisha watoto. Aliiga, ndiyo, lakini mpini ulishikwa na njaa.

SEHEMU YA 2: MKASI WA SERIKALI

Kambi za Wamarekani zilifundisha wanamuziki wengi, si hawa tu. Mmoja wao ni mpiga gitaa Shin Joong-hyun. Aliingia kambini kupiga nyimbo za wageni, akatoka na kitu kingine kabisa: muziki wa roki wenye maneno na hisia za Kikorea.

Sasa akaja mlinzi wa utamaduni. Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka mwaka 1961. Miaka ya 1970 polisi wake walisimamisha vijana barabarani, wanaume wenye nywele ndefu wakakatwa kwa mkasi, wadada wenye sketi fupi wakapimwa kwa rula. Mwaka 1972 Shin aliombwa atunge wimbo wa kumsifu rais. Akakataa, badala yake akatunga wimbo wa kuisifu milima na mito ya nchi yake. Mwaka 1975 nyimbo nyingi zilipigwa marufuku, naye Shin akakamatwa kwa kesi ya bangi, akafungiwa kufanya muziki mpaka baada ya Park kuuawa mwaka 1979.

Umeona hapo? Mtu aliyekuwa anaufanya muziki wa wageni uwe wa Kikorea ndiye aliyenyamazishwa, na walisema wanalinda maadili ya taifa. Wale tunaokimbilia kuchana mabango ya watoto ukutani, tufikirie kidogo.

SEHEMU YA 3: ZUMARI

Mwaka 1992 vijana watatu, Seo Taiji and Boys, walipanda kwenye shindano la televisheni wakachana rapu kwa Kikorea. Majaji wakawapa alama za chini kabisa. Baada ya muda mfupi wimbo huohuo ulikuwa juu ya chati, na wengi wanahesabu K-pop ya leo kuanzia hapo.

Mwaka uliofuata, kwenye wimbo "Hayeoga", waliweka gitaa la roki, rapu, halafu katikati ikalia ala ya jadi inaitwa taepyeongso. Ukiisikia utasema, mbona hii zumari! Na hujakosea. Ni ndugu wa zumari yetu ya Pwani, zote chimbuko lake ni Asia ya Magharibi. Ya huku ilikuja na njia za Bahari ya Hindi, ya kule ilipitia China mamia ya miaka iliyopita. Wakorea wa zamani waliipa hata jina lingine, hojeok, maana yake filimbi ya wageni. Kwa hiyo ile ala iliyoufanya wimbo usikike wa kijadi kabisa nayo ilikuja na wageni. Ilikaa, ikapigwa kwenye sherehe na misafara ya wafalme, ikawa ya kwao.

Na tukisema "wanaiga Wazungu" tunakosea hesabu. Rapu, soul na jazi zilitoka kwa Wamarekani weusi, wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Binti yako anapocheza zile hatua, kuna kitu cha ukoo wetu kinarudi nyumbani kwa njia ndefu sana.

SEHEMU YA 4: KIWANDA, NA HAPA NAONGEA KAMA NESI

Mwimbaji Lee Soo-man alisoma California miaka ya 1980, akaona MTV inavyouza nyimbo kwa picha. Mwaka 1995 akafungua kampuni ya SM Entertainment, na mwaka 1996 ikatoa kundi la H.O.T. Mwishoni mwa 1997 uchumi wa Korea ukaanguka, nchi ikakopa IMF, na mwanzoni mwa 1998 watu walipanga foleni kutoa dhahabu zao, hadi pete za ndoa, kusaidia kulipa deni. Serikali ya Rais Kim Dae-jung ikaamua filamu na muziki navyo viwe bidhaa za kuuza nje, na mwaka 1999 ikavitungia sheria. Nyimbo zikaanza kununuliwa popote: "Dreams Come True" ya kinadada wa S.E.S., mwaka 1998, asili yake ni wimbo wa Finland.

Hapo sasa mpini ulishikwa na kampuni. Watoto waliingia mafunzoni wakiwa na miaka 11, 12, 13, wakifundishwa kuimba, kucheza, lugha za kigeni, na wengi wakipimwa uzito mara kwa mara. Mwaka 2009 vijana watatu kati ya watano wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13. Mwaka huohuo tume ya ushindani ya Korea ikatoa mfano wa mkataba usiozidi miaka 7.

Mama, kama unatafuta cha kuogopa, ogopa hiki, si lugha. Binti wa miaka 13 bado anajenga mifupa na damu. Anahitaji maharage, dagaa, mayai, mboga za majani na usingizi. Akianza kuruka milo ili afanane na mtu wa kwenye skrini, hedhi inaweza kuvurugika au kukatika, damu ikapungua, na darasani akasinzia. Ukiona anaficha chakula, anajipima kila siku au anazirai, usimgombeze. Mlete kituo cha afya tuongee naye.

SEHEMU YA 5: WAKAIMBA KWA LUGHA YAO

Mei 2018 albamu ya BTS, sehemu kubwa ikiwa kwa Kikorea, ilishika namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, Marekani. Mwaka 2020 "Dynamite", Kiingereza mwanzo mwisho na kilichoandikwa na watunzi wawili wa Uingereza, ikaongoza chati ya nyimbo. Watu wakasema basi, wameshamezwa. Miezi michache baadaye "Life Goes On", karibu yote Kikorea, ikashika namba moja ileile. Na mwaka huohuo Suga wa BTS alitoa "Daechwita", rapu juu ya muziki wa misafara ya wafalme. Ndani yake, ndiyo, zumari inalia.

Jibu langu kwa yule mama wa kliniki ni hili. Wakorea wameiga miaka karibu mia, na bado ni Wakorea. Walichokopa walikikalia, wakakitia maneno yao. Walipoumia ni pale mkononi mwa mtu mwingine palipokuwa na mpini: njaa, mkasi wa polisi, mkataba wa miaka 13.

Kwa hiyo binti akiimba Kikorea, mwache aimbe. Muulize wimbo unasema nini. Muulize ala ile inaitwaje. Halafu mwimbie na wewe wa bibi yake, ili siku akitaka kuchanganya awe na cha kuchanganyia. Maana Seo Taiji angeikuta wapi ile zumari kama hakuna mzee aliyeendelea kuipiga?

Niambieni kwenye komenti: bibi yako alikuwa anakubembeleza na wimbo gani? Andika jina tu. Jumapili nitazikusanya zote tuone tuna akiba kiasi gani.

Lindeni watoto, na nyie mlale. 💛