Lulu ya Dhahabu: Urithi wa Kale au Kazi ya Juzi?

Oktoba 1996 Rais Fidel Ramos wa Ufilipino alitangaza lulu ya bahari ya kusini kuwa kito cha taifa, na picha yake sasa imo kwenye noti ya piso 1,000. Wauza vito huisimulia lulu hii yenye rangi ya dhahabu kana kwamba ilirithiwa moja kwa moja kutoka kwa masultani wa Sulu, kusini mwa Ufilipino. Ni kweli kwamba lulu za Sulu zilisifika zamani. Mchina Wang Dayuan alizitaja katika kitabu chake cha mwaka 1349 kuhusu nchi za ng'ambo, na mwaka 1417 mtawala wa Sulu, Paduka Batara, alisafiri hadi China kuonana na Mfalme Yongle. Lakini sifa ya lulu za Sulu ni jambo moja, na thamani ya lulu ya dhahabu ni jambo jingine. Thamani hiyo, kama tunavyoijua leo, ilijengwa na wafugaji wa chaza katika muda usiozidi sana nusu karne, na kulikiri hilo hakuivunjii lulu heshima yake.

Tuanze na chaza mwenyewe. Pinctada maxima ndiye mkubwa kuliko chaza wote wa lulu. Gamba lake hufikia sentimita 30. Wako wenye ukingo wa rangi ya fedha, ambao Australia inajulikana nao, na wako wenye ukingo wa dhahabu, wanaopatikana zaidi Ufilipino, Indonesia na Myanmar. Katika karne ya 19 wazamiaji walimfuata hasa kwa ajili ya gamba, lililochongwa vifungo vya nguo. Lulu ilikuwa bahati ya ziada. Mzamiaji angeweza kupata moja ya dhahabu, lakini kukusanya za kutosha mkufu, zenye rangi moja na umbo moja, kulihitaji bahati isiyo ya kawaida. Na hata zikipatikana, ladha za wanunuzi zilitofautiana: soko la Bombay lilizipenda lulu za Ghuba ya Uajemi zenye umanjano, ilhali Ulaya ilitaka nyeupe.

Bahati hiyo iligeuzwa kuwa kazi na ufundi wa kupandikiza lulu uliovumbuliwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20, ambao Tatsuhei Mise na Tokichi Nishikawa wanahusishwa nao. Mwaka 1956 ulifika Kuri Bay, Australia, na kuanzia 1979 Mfaransa Jacques Branellec na Mfilipino Manuel Cojuangco waliuendeleza Palawan, Ufilipino, wakilenga rangi ya dhahabu. Fundi humfungua chaza kidogo tu, humkata mwilini, kisha hupachika tonge la mviringo lililochongwa kutoka gamba la kome wa maji baridi. Pembeni yake huweka kijipande cha ngozi laini kutoka kwa chaza mwingine, mwenye ukingo wa dhahabu iliyokolea. Kijipande hicho hukua na kulizunguka tonge hilo, kikilivika tabaka baada ya tabaka kwa miaka miwili hadi minne, na rangi ya lulu hutokana nacho kwa sehemu kubwa.

Kuna watakaosema kwamba kitu kilichopandikizwa hakiwezi kuitwa cha asili. Hoja hii ina uzito kuhusu chanzo cha lulu, na muuzaji mwaminifu hana budi kusema kuwa imefugwa. Kuhusu rangi, haisimami: mwanadamu huchagua chaza wa kutoa kijipande, lakini umanjano huwekwa na chaza mwenyewe ndani ya tabaka hizo. Lulu iliyotiwa rangi ni habari nyingine. Mara nyingi rangi hujikusanya kuzunguka tundu la uzi, na maabara hupima jinsi lulu inavyofyonza mwanga wa urujuanimno. Lulu yenye rangi ya asili ya dhahabu ina alama yake hapo.

Wengine hudai kuwa bei ni matangazo tu. Matangazo yamechangia, siwezi kukataa, lakini hayamfanyi chaza atoe dhahabu iliyokolea. Wengi hutoa rangi ya krimu au manjano hafifu, wengine hulikataa tonge, wengine hufa kabla ya mavuno. Zikipatikana zilizokolea, ndipo kazi ya kuzilinganisha huanza, na mkufu mmoja huweza kusubiri mavuno ya miaka kadhaa kabla haujatimia.