Duka la vinyago na uchongaji wa Kimakonde Dar es Salaam

Uchongaji wa Kimakonde ulikuwapo kabla ya kuwapo duka la vinyago. Katika uwanda wa Mueda, kusini ya mto Ruvuma, na ng'ambo yake Newala, fundi alichonga kwa mahitaji ya majirani: barakoa za ngoma za jando na unyago, vikopo vya ugoro, fimbo, sanamu za wanawake. Barakoa zilitoka kwenye miti laini, kwa kuwa mchezaji alizivaa akicheza. Wanunuzi wa kigeni walifika mapema. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya kazi hizo. 

Desturi ya kuchonga kwa ajili ya majirani ilibadilishwa na mkonge. Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka Ruvuma kukimbia kodi na kazi za shokoa za Wareno, wakaajiriwa katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga. Baadhi yao walichonga baada ya kazi, na polepole wakahamia Dar es Salaam, ambako walitembeza vinyago nyumba hadi nyumba kwenye mitaa ya Wazungu. Wakati huo mpingo ulikuwa umeshika nafasi ya miti laini. Ni mgumu, unatafuna makali ya tezo na patasi, ila weusi wake uliwapendeza wateja.

Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, alianza kununua kazi hizo kwa wingi na kuziuza jijini. Sokoni zilitawala sanamu za binadamu: mama anatwanga, mzee ameketi na kiko. Inasimuliwa kuwa mwishoni mwa muongo huo Samaki Likankoa alimletea kinyago kilichoharibika, chenye umbo la ajabu, na Peera, badala ya kukikataa, akaagiza vingine vya namna hiyo. Ndivyo vilivyokuja kuitwa shetani. Simulizi hii huenda imenyooshwa kupita kiasi, maana mizimu na majini ya porini yalikuwa katika hadithi za Wamakonde tangu zamani. Lakini maagizo yalikuwa na nguvu. Fundi aliyejua kuwa jicho moja na viungo vilivyopinda vina mnunuzi alithubutu kuchonga alichokuwa akikisikia tu masimulizini.

Mtindo wa watu waliobebana kama mnara, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, nao ulipata soko jijini humo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ukajulikana zaidi kwa jina la ujamaa, jina lililouzika vizuri kwa wageni waliotaka kurudi kwao na kumbukumbu ya siasa ya Nyerere.

Siasa hiyohiyo iliibana biashara binafsi. Shirika la umma la sanaa liliingia katika ununuzi na usafirishaji wa vinyago, na mwenye duka akawa na mshindani mwenye serikali nyuma yake. Njia ya tatu ilikuwa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Hapo karakana na duka vilikuwa pamoja: wachongaji, wachoraji na mafundi wa batiki walifanya kazi karibu na mahali pa kuuzia. George Lilanga, aliyefariki 2005, alipitia humo kabla ya michoro yake kufika majumba ya sanaa ya Ulaya.

Kuanzia miaka ya 1980 kitovu cha biashara hiyo kilihamia Mwenge, jijini humohumo, ambako fundi huchonga kibarazani na vibanda vimepangwa pembeni. Wachongaji wengi huwakabidhi wenye vibanda bidhaa kwa mali kauli, na fedha hutoka kinyago kikishauzwa. Kwa hiyo mzigo wa kungoja mteja humwangukia fundi, huku mwenye kibanda akilipa kodi ya pango.

Mpingo, unaokua taratibu mno, umepanda bei, na vibanda vingi huuza pia miti mingine iliyopakwa dawa ya viatu ili iwe myeusi. Wanunuzi wazoefu hukipima kinyago mkononi, kwa kuwa mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini, kisha hukikwaruza kidogo chini ya kitako kuona kama weusi umeingia ndani.