Metali na Umbo la DNA Kichocheo

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vimeng'enya vyote vilidhaniwa kuwa protini. Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kwamba RNA nayo huweza kuharakisha mimenyuko ya kikemia, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Ikabaki DNA. Mwaka 1994, Ronald Breaker na Gerald Joyce wa Taasisi ya Scripps, California, walichuja nyuzi nyingi mno za DNA zenye mfuatano wa kubahatisha, wakapata uzi unaokata kiungo cha RNA. Uzi huo ulihitaji ioni za risasi.

Haja ya metali inatokana na maumbile ya DNA yenyewe. Fosfeti za uti wake zina chaji hasi, hivyo husukumana na kuuzuia uzi usijikunje. Ioni za metali, zenye chaji chanya, hupunguza msukumano huo. Baadhi hushiriki pia katika ukataji wenyewe.

Mwaka 1997, Stephen Santoro na Joyce walitangaza vichocheo viwili vinavyotumia magnesi: 8-17 na 10-23. Namba ya kwanza ni ya awamu ya uchujaji, ya pili ni ya nakala iliyoteuliwa. Kichocheo cha 8-17 hukata kwa kasi zaidi kikipewa risasi, na kufikia mwaka 2000 maabara ya Yi Lu, Chuo Kikuu cha Illinois, ilikuwa imeunda kutokana nacho kipimo cha kugundua metali hiyo.

Mwaka 2007, watafiti wa Illinois walifuatilia mikunjo ya 8-17 kwa rangi zinazong'aa. Kwa zinki au magnesi, DNA ilijikunja kwanza, kisha ikakata. Kwa risasi, ilikata bila kusubiri mkunjo huo. Ilionekana kwamba umbo lake lilikuwa tayari kuipokea risasi.

Picha kamili zilichelewa. Umbo la kwanza la DNA kichocheo, lililosomwa kwa eksirei kutoka kwenye fuwele, lilichapishwa mwaka 2016. La 8-17 likafuata mwaka 2017. Mwaka 2022, uchunguzi wa 10-23 ndani ya myeyusho ulionyesha DNA ikijizungusha kwenye RNA, huku ioni zikigawana kazi: kujenga umbo, kuliandaa kwa ukataji, na kusaidia ukataji wenyewe.