Ndege za kivita na majukumu yake

WAJERUMANI na Waingereza walipopigana mjini Kisii, Septemba 12, 1914, vita vilikuwa vya ardhini tu. Miezi kumi baadaye, Julai 11, 1915, marubani wa Uingereza waliwaelekeza wapiga mizinga kutoka angani hadi manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaangamia katika delta ya mto Rufiji.

Upelelezi wa namna hiyo ndio jukumu kongwe zaidi la ndege za kijeshi. Baadaye majukumu mengine yalizaa aina mpya.

Ndege za mapambano ya angani huwa nyepesi na zenye kasi, kwa kuwa kazi yake ni kuziangusha ndege za adui. Mfano ni F-5 za Kenya, zilizoanza kuwasili mwaka 1978.

Ndege za mabomu, kama B-52 ya Marekani, hubeba shehena nzito hadi mbali.

Helikopta za mashambulizi, kama MD 530F ambazo Kenya ilipokea mwaka 2020, huwasaidia askari wa miguu kwa karibu.

Hata hivyo, mipaka hiyo si thabiti. Kuanzia Oktoba 2011, F-5 za Kenya zilitumiwa kushambulia kambi za Al-Shabaab nchini Somalia, kundi lisilo na ndege hata moja.