Majina ya Wapagazi wa Vita vya 1914–1918



Kila siku twapita Kariokor, hapa Nairobi, wala hatuulizi jina hilo limetoka wapi. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita, lililogeuzwa na ndimi za watu wetu, maana pale palikuwa na kambi yao. Wenzetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo kwa sababu iyo hiyo.

Vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914, barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Basi chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 ulikuwa mzito kupita yote: machifu waliamrishwa kutoa vijana kwa wingi, wakapelekwa mbali kusini, katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibaya. Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, na wapagazi waliofariki upande wa Waingereza hukadiriwa kupita 90,000.

Sisi tulioagizwa na halmashauri kutafuta habari za mababu zetu tulianza na nyaraka za serikali. Tuliona hesabu za watu waliotolewa na waliokufa. Majina yao hatukuyaona. Sanamu ya Askari katika Kenyatta Avenue, iliyosimamishwa 1928, ina mpagazi pamoja na askari, lakini naye hana jina. Na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ndipo tukarudi kwa wazee. Mmoja wao alitueleza kwamba baba yake mkubwa alichukuliwa mwaka 1917, asirudi. Haikuja barua wala mshahara wake. Mama yake alikataa matanga kwa miaka mingi, kwa kuwa hapana aliyemwona amekufa. Mzee huyu alipozaliwa, akapewa jina la yule aliyepotea. Basi jina tulilolikosa katika nyaraka, tulikuwa tukiliita kila mwezi tulipoandika ada yake, nasi hatukujua.

Chama chetu huwazika wafu wake ili mtu asifie ugenini bila ya kuliliwa. Hawa walifia ugenini bila ya kuliliwa, na deni lao li juu yetu. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama awaulize wazee wa nyumbani kwake: Wewe umeitwa kwa jina la nani? Alikwenda wapi, mwaka gani, na alifuatana na nani? Wale waliorudi walisimulia nini, na akina mama waliobaki waliishije? Majibu yaletwe kwa katibu, yaandikwe katika daftari la chama.

Wazee wanaokumbuka wamebaki wachache. Kazi hii haingoji mkutano wa mwaka ujao.